Bakuli Lililongoja Salamu

Masikio?
— Yako wazi.
Ndimi?
— Zimetulia.
Nifungue mlango?
— Fungua, tupite.

Basi piteni, na wa mwisho aurudishe, maana hadithi hii ni ya kusikiliza, na upepo ukiingia utatuvuruga.

Hapo kale, kale ambayo hata wazee wa wazee wetu waliiita kale, palikuwa na mji ukiitwa Magadini. Mji huo ulikaa kando ya ziwa lililokauka, kwenye uwanda mweupe usio na mti wala kilima. Ukitazama mbele unaona mwisho wa dunia. Ukitazama nyuma unaona mwisho mwingine. Watu wake walichemsha chumvi. Waliteka maji machungu visimani, wakayatia katika masufuria mapana ya shaba, wakachochea moto hata maji yakaenda zake juu na chumvi ikabaki chini.

Watu hao walijivunia mambo matatu. La kwanza lilikuwa chumvi yao. La pili lilikuwa adabu yao. La tatu lilikuwa bakuli lao.

Chumvi mnaijua. Niseme juu ya adabu. Kwetu sisi mdogo humwamkia mkubwa, mkubwa akaitikia, kila mtu akashika njia yake. Magadini salamu ilikuwa na sheria zake. Mkubwa hakuanza kumwamkia mdogo hata kama nyumba inaungua. Na aliyekwisha kutoa shikamoo hakuinua mguu mpaka aitikiwe marahaba. Kuondoka kabla ya kuitikiwa kulikuwa sawa na kumtemea mkubwa mate usoni. Tena mkubwa wa kundi akiamkia, wote walio nyuma yake wamekwisha kuamkia. Hivyo ndivyo walivyoishi, na hakuna aliyeona uzito wake, kama vile samaki asivyoona maji.

Lakini zaidi ya hayo walijihesabu kuwa wakubwa wa watu wote walioko. Walisema ziwa lilitangulia nchi kavu, na wao walitoka ziwani. Basi ni nani aliyewatangulia wao?

Sasa bakuli. Lilifuliwa na mababu zao, la shaba tupu, upana wake hatua arobaini, mdomo wake umeelekea juu. Lilikaa katika shimo lililochimbwa kulifuata umbo. Chini yake kulikuwa na kijumba, na kutoka tumboni mwa bakuli ulishuka mrija mwembamba kama kidole. Mtu akitega sikio kwenye mrija husikia kile ambacho bakuli limekusanya.

Kukusanya nini? Nimemsikia mtu akiuliza. Sauti za juu, ndugu yangu. Mababu walizitazama nyota wakasema: mahali penye taa nyingi namna hii hapakosi wenyewe. Na wenyewe hao, ikiwa ni watu wa adabu, iko siku watatuamkia. Nasi tutawaitikia.

Wakaweka masharti matatu. Usiseme ndani ya mrija. Usiimbe ndani ya mrija. Usikohoe ndani ya mrija. Mkubwa haanzi. Na kila mwaka, mavuno ya chumvi yakimalizika, mji mzima ulilizunguka bakuli ukafanya mazoezi. Jumbe huinua bakora yake, na watu elfu husema kwa pamoja, "Marahaba." Walisema polepole, kwa sauti nzito, wasije wakaonekana walikuwa na hamu.

Msikilizaji wa mji alikuwa mwanamke mmoja, jina lake Mize binti Pandu. Mama yake alisikiliza kabla yake miaka thelathini, na alipokufa alimwachia binti yake vitu viwili: mkeka wa kukalia, na neno moja. Neno lenyewe lilikuwa "Sijasikia." Kila siku adhuhuri, upepo unapokufa na uwanda unaponyamaza, Mize alishuka kijumbani akatega sikio. Msiniambie nyota ni za usiku. Nyota hazihami mchana. Ni jua tu linalozitia pazia, na sikio halijui pazia. Alasiri alipanda, akaenda barazani kwa Jumbe, akafungua viganja vyake viwili vitupu, akasema, "Sijasikia." Wazee wakatikisa vichwa. Siku ikaisha.

Wanawake wa masufuria walimtania. Wakichochea moto walimwimbia:

Mize uliye shimoni, sikio umelitega,
Watu gani wa angani wamekujia kwa woga?
Au ni nzi wa ndani anakupigia soga?
Toka, rudi majikoni, ukatupikie mboga.

Naye aliwacheka. Aliyekuwa akiuanzisha wimbo huo ni mdogo wake mwenyewe, Kazija, mwenye sauti kuliko wote.

Basi siku moja Kazija hakuimba. Mnajua chumvi na shaba hazipendani. Chumvi huila shaba kidogo kidogo, kimya kimya. Masufuria ya Magadini yalikuwa yamelika. Yalitiwa kiraka juu ya kiraka, hata mengine yalikuwa viraka vitupu vilivyoshikana mikono. Na siku hiyo sufuria la Kazija lilipasuka tako, maji ya moto yakamwagika, yakamshukia miguuni.

Jumbe wa mji, Ngwali, akaja mwenyewe kumtazama. Msimfikirie vibaya Jumbe Ngwali. Hakuwa mtu wa kupenda kuvunja vitu. Alikuwa mtu wa kuhesabu waliolala njaa. Aliitazama miguu ya Kazija, akayatazama masufuria, kisha akaligeukia bakuli lililokuwa likimeta pale uwandani. Kesho yake akaita baraza. Akasema kwamba shaba ya kununua haipo karibu, na shaba tunayo. Akasema mji umesikiliza tangu enzi za mababu na haujaamkiwa. Akasema anatoa muda wa mavuno matatu. Juu kukinena katika mavuno matatu, vema. Kusiponena, Fundi Makungu, mfua shaba wa mji, atalikata bakuli vipande vipande na kulifanya masufuria.

Hakuna aliyepinga. Hata Mize hakupinga, kwa kuwa alitoka barazani akaenda kumwona mdogo wake, akamkuta amelala chali, miguu imefungwa vitambaa vya samli. Na Kazija akamwambia, si kwa hasira, "Dada, sikuchukii wewe wala bakuli lako. Lakini hebu niambie. Huko juu wakituamkia, mimi nitasimama kwa miguu ipi kuwaitikia?"

Mize akavuta kigoda. Alikaa akampepea mpaka akasinzia. Lakini moyoni mwake alijiuliza: shaba hiyo ikiyeyushwa, miaka thelathini ya mama yangu itakuwa nini? Itakuwa mwanamke aliyekaa shimoni, basi?

Mavuno ya kwanza yakaja. Mize akasikiliza kuliko alivyowahi kusikiliza. Akasikia damu yake mwenyewe ikipita sikioni. Akasikia gamba la chumvi likipasuka kwa joto. Akasikia na kimya. Akaenda barazani akafungua viganja. "Sijasikia."

Mavuno ya pili yakaja. Siku ya kumi akasikia kitu. Kwaruu. Kwaruu-kwaruu. Akasikiliza siku tatu, hali wala halali, ili awe na hakika, na siku ya tatu akapanda kuchungulia, akamkuta mjusi ameanguka ndani ya bakuli, anajaribu kutoka na shaba inamtelezesha. Akamtoa. Akaenda barazani akasimulia kama ilivyokuwa, mjusi na mkia wake. Mji ukacheka siku saba. Watu wakikutana na mjusi ukutani walimpa shikamoo.

Mavuno ya tatu yakaja, na huku nyuma Fundi Makungu alikuwa ameanza kuchimba shimo la moto.

Sasa sogeeni, maana hapa ndipo hadithi inapogeuka.

Asubuhi moja Mize alikwenda kisimani kuteka maji ya kunywa. Akawakuta wazee wawili wamesimama. Mmoja alikuwa mzee wa Magadini, kilemba kimemshuka mabegani. Mwingine alikuwa mgeni, muuza kamba, na punda wake. Ndevu za huyu ni nyeupe, ndevu za yule ni nyeupe. Nani mkubwa? Hakuna aliyejua. Basi kila mmoja alingoja mwenzake aanze. Wakatazamana. Jua likapanda nao wametazamana. Mize hakuweza kuwakatiza, kwa kuwa kupita katikati ya wakubwa wasioamkiana ni kosa, akasimama nyuma yao na mtungi wake, akafumba macho kwa ukali wa jua.

Na alipofumba macho, akasikia.

Akasikia pumzi iliyobanwa. Akasikia koo lililotaka kusafishwa likamezwa. Akasikia kiatu kikihama kidogo tu, kikajizuia. Hapakuwa na neno, lakini kimya kile kilikuwa kimejaa. Nyumba tupu ina kimya chake. Kimya hicho ni chepesi, ukikiita kinakurudishia sauti yako. Na nyumba yenye watu waliojibana nyuma ya mlango ina kimya kingine. Mize akajiambia: hiki nakijua. Nimekaa nacho sikioni miaka yote.

Yule punda ndiye aliyekata kesi. Alichoka, akanyoosha shingo, akaanza kukila kilemba cha mzee wa Magadini kwa nyuma. Mgeni akaona aibu, akasema kwa uchungu, "Shikamoo." Na mzee wa Magadini, kwa raha ya ushindi, hakuitikia upesi. Akarekebisha kilemba. Akatazama mawingu ambayo hayakuwepo. Mgeni wa watu amesimama, mguu haumtoki, na punda wake huyoo anaondoka zake peke yake na mzigo wa kamba. Marahaba ilipokuja, punda alikuwa nukta.

Watu waliokuwapo walicheka. Mize hakucheka. Aliuacha mtungi pale pale, akaenda mbio mpaka kijumbani, akatega sikio. Na kweli. Ni kile kile. Kimya kilichojaa, kimya cha watu wenye adabu. Huko juu nako walikuwa na mabakuli yao, nako walikuwa wametega masikio, nako walijihesabu kuwa wakubwa. Wanangoja.

Alasiri akaenda barazani. Hakufungua viganja. Akasema, "Nimesikia."

Wazee wakainuka kwenye mikeka yao. Jumbe Ngwali akauliza amesikia nini.

"Nimesikia watu wamenyamaza."

Baraza likaangua kicheko. Jumbe akainua mkono likatulia, akasema kwa upole, "Mize, mwanangu, watu walionyamaza na watu wasiokuwapo wana tofauti gani?"

"Jumbe, siku mkeo akikununia, unadhani hayumo ndani?"

Kicheko cha pili kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza, na safari hii kilimwelekea Jumbe, naye mwenyewe akatabasamu asitake. Lakini Mize alipoendelea kicheko kilikufa. Alisema kwamba wao juu wanatungoja sisi, na sisi tunawangoja wao, na kwa mwendo huu ulimwengu wote utakufa ukiwa umetega sikio. Akaomba ruhusa. Mji uwaamkie kwanza.

Jumbe akakataa. Wazee wakakataa. Mji ulipopata habari nao ukakataa. Tuwaamkie? Sisi tuliotoka ziwani? Na ikiwa wao ni watoto wadogo, waliozaliwa juzi, nani atatufuta aibu usoni? Jumbe alisema mara tatu, mbele ya mashahidi, kwamba sharti la mrija ni lile lile, na siku ya kukata bakuli ni ile ile.

Siku mbili kabla ya siku hiyo, Fundi Makungu alishuka kijumbani. Mtu mmoja mfupi, mwenye mikono mirefu, anayependa mzaha hata akiwa msibani. Babu yake ndiye aliyeufua mrija ule. Akakaa chini, akaupapasa, akasema kwamba hajalala usingizi mzuri tangu aambiwe aukate. Kisha akatoa shauri. Yeye ana pembe ya nyati. Atakwenda uwandani, mbali, ajilaze kwenye ufa wa chumvi ambapo haonekani. Wazee wakija kusikiliza kwa mara ya mwisho, atapiga mara moja, taratibu. Bakuli litaipokea. Wazee watalia machozi. Bakuli litapona.

"Na wakikuuliza sauti ilisema nini, sema ilisema shikamoo," akamalizia. "Mimi kwa pembe naweza kusema shikamoo mpaka nyati mwenyewe aitikie."

Mize alilifikiria. Msidhani hakulifikiria. Aliupapasa mkeka wa mama yake kwa kiganja. Kisha akasema, "Fundi, mama yangu alisema 'sijasikia' kila siku miaka thelathini. Angeweza kusema uongo siku moja akapewa ng'ombe. Nikidanganya leo, siku watakaposema kweli, mji utajuaje kuwa si wewe uliyelala kwenye ufa?"

Makungu akasema basi, akaichukua pembe yake, na kwenye ngazi akageuka akasema kwamba nyundo yake siku hiyo atainyanyua polepole sana.

Siku ikafika. Adhuhuri, jua utosini. Mji mzima ulikuja. Shimo la moto lilikuwa jekundu, mivukuto ya kupulizia moto ikihema. Kazija aliletwa juu ya kitanda cha kamba akawekwa pembeni. Makungu akapanda ukingo wa bakuli na nyundo yake. Jumbe Ngwali akatangaza kwamba msikilizaji ana haki ya kusikiliza mara ya mwisho, na baada ya hapo kazi ianze.

Mize akashuka. Akakaa juu ya mkeka. Akatega sikio. Akawasikia, wamejaa, wamenyamaza. Kisha akageuza uso, akaweka midomo pale palipokuwa sikio, akasema:

"Shikamoo."

Alisema kwa sauti ndogo. Lakini bakuli linalojua kukusanya linajua na kutawanya. Neno lilipanda mrija, likaingia tumboni mwa shaba, likazunguka, likanenepa, likatoka juu kama vile ardhi yenyewe imeamkia. Watu waliokaa mbele wakarudi nyuma. Makungu, nyundo ikiwa juu ya kichwa, akaganda.

Mize akapanda nje, akasimama kando ya bakuli, mikono ameikutanisha, kichwa ameinamisha, kama msichana mbele ya bibi yake. Hakuinua mguu.

Jumbe akamwambia, "Umetufanya watoto."

"Nimetoa salamu, Jumbe. Sasa nangoja niitikiwe."

Jumbe alikuwa mtu wa sheria, na alijua sheria ilipokuwa. Akasema kwamba salamu ya mwanamke mmoja inamfunga mwanamke mmoja. Mize asimame hapo angoje, kwa siku zake zote akitaka, hakuna atakayemgusa. Ataachiwa mrija, uwe mlango wake wa kuitikiwa. Lakini mji haukuamkia mtu. Mji utachukua shaba yake. Akamtazama Makungu, akamwashiria.

Sasa hapo palikuwa na bikizee mmoja ambaye sijawatajia, kwa kuwa kabla ya hapo hakuna aliyekuwa na haja ya kumtaja. Aliitwa Bi Mwanamvua. Ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote Magadini. Jumbe alimwamkia yeye, na baba wa Jumbe alimwamkia yeye. Alikuwa mkali, kibogoyo, sikio moja zima na moja bovu, na shikamoo za watu aliziitikia kama mtu anayefukuza nzi. Akawauliza walio karibu kumetokea nini, mbona watu wameganda. Wakamwambia kwamba Mize amewaamkia wa juu.

"Hao wa juu ni wakubwa?"

Wakamwambia hakuna ajuaye. Huenda.

Bi Mwanamvua akatafuna ufizi. Kisha akashika fimbo yake, akaanza kutembea kwenda kwenye ngazi za kijumba. Jumbe akamwahi, akamsihi, akamwita bibi yetu, taji letu, akamuuliza anakwenda wapi.

"Ngwali, nipishe," akasema. "Tangu nimzike dada yangu mvua arobaini zimepita, na mimi sijamwamkia mtu. Kila anijiaye ananipa shikamoo. Mnanipa, mnanipa, na mimi yangu nimekaa nayo hapa." Akagusa koo. "Sina wa kumpa. Unajua kukaa juu kabisa kulivyo na baridi? Hujui. Una mimi. Nipishe."

Jumbe akampisha.

Alishuka ngazi moja moja. Watu walisikia fimbo yake ikigonga, kisha hawakuisikia tena. Ndipo bakuli likanena, na sauti iliyotoka, wallahi nawaambia kama nilivyoambiwa, haikuwa ya bikizee. Shaba iliisafisha. Ilikuwa sauti ya mtoto wa kike aliyetumwa nyumba ya jirani.

"Shikamoo."

Akapanda, akasimama kando ya Mize, akaiweka fimbo chini, akakutanisha mikono, akainamisha kichwa chake cheupe.

Basi. Mkubwa wa kundi akiamkia, wote walio nyuma yake wamekwisha kuamkia. Jumbe Ngwali alikuwa ameinua mguu kumfuata. Akauona mguu wake hewani, akaurudisha chini taratibu pale ulipotoka. Watu elfu wakasimama kama walivyo. Aliyekuwa akijikuna aliacha mkono mgongoni. Hata mivukuto ilinyamaza.

Kutoka ukingoni Makungu akasema, "Jumbe, nyundo hii ni nzito. Niishushe, au niendelee kuwa na adabu?"

Jumbe akafikiri, na safari hii alifikiri mbele ya watu wote, jasho likimtiririka. Mwishowe akasema kwamba hakuna mtu anayemwamkia mkubwa kisha akavunja mlango ambao kwa huo ataitikiwa. Bakuli haliyeyushwi. Na kwa kuwa mji mzima hauwezi kusimama hapa mpaka kiama, watu watashika zamu. Kila siku mmoja atangoja chini kwa niaba ya wote, mkubwa kwa mdogo, Jumbe na mchemsha chumvi, na mguu wake usipoinuka, wa mji haujainuka. Makungu akashusha nyundo.

Lakini kuna mtu hakufurahi, na alikuwa na haki. Kazija aliinuka kwa viwiko pale kitandani, akauliza masufuria yako wapi. Hata Mize aliona aibu kwa ushindi wake. Kazija akalitazama bakuli. Lilikuwa na ukingo mpana uliolizunguka, safu tatu za mabamba ya shaba yaliyonakshiwa, ambayo mababu waliyaongeza ili kila atazamaye kutoka juu ajue kwamba hili ni bakuli la wakubwa. Akasema, "Mtu akimwamkia mkubwa huvua kilemba. Sisi tumekwisha kuamkia. Kile pale kilemba chetu."

Wakakivua. Makungu alikata safu zote tatu, na kabla ya jua kuzama shaba ilikuwa imeyeyuka. Yalitoka masufuria tisa. Yaliyohitajika yalikuwa ishirini. Kwa hiyo Magadini hadi leo nyumba mbili mbili, na kwingine tatu tatu, huchemshia sufuria moja, na hugombana juu ya zamu, na Kazija, aliyepona akabaki na mwendo wa kuchechemea, ndiye huamua ugomvi huo kwa ile sauti yake.

Na juu je? Nawaona mnavyonitazama. Mnataka nitie kitu mrijani. Sitatia pembe ya nyati. Mvua moja ikapita. Mvua ya pili ikapita. Waliokuwa wakimtania Mize walishuka zamu zao, wakapanda wameduwaa, wakisema kwamba ni kweli, kile si kimya cha nyumba tupu. Au ni kweli, au sisi tunatamani. Wengine walirudi siku isiyo zamu yao.

Mvua ya tatu ilipokaribia, Bi Mwanamvua akashikwa na udhaifu. Adhuhuri moja akaomba abebwe mpaka kijumbani. Makungu akambeba. Mize ndiye aliyekuwa chini siku hiyo, akainuka, akamlaza bikizee juu ya mkeka wa mama yake.

Bi Mwanamvua akamshika mkono. "Wameitikia?"

Mize akamtazama Makungu aliyesimama nyuma ya kichwa cha bikizee. Makungu, mtu wa mizaha, machozi yalimjaa, naye alikuwa akimtikisia kichwa: mwambie ndiyo. Neno moja tu. Nani angejua? Na nani angelaumu?

"Bado, bibi," Mize akasema. "Kwao ni mbali. Salamu yako iko njiani, inakwenda."

Makungu akageuza uso ukutani. Kisha wakamsikia bikizee akicheka, kicheko kikavu kisicho na meno, na akasema polepole, kama anayeonja kitu kitamu alichokisahau:

"Mimi nilidhani nitakufa mkubwa wa wote. Kumbe ninakufa mdogo wa mtu."

Akageuzia mrija sikio lake zima, na hivyo ndivyo roho yake ilivyomwacha, akiwa ametega. Mize aliketi kando yake mpaka watu walipokuja kumchukua. Zamu ya kesho yake ilikuwa ya Bi Mwanamvua. Mize akaishika.

Mzigo wangu nimeutua hapa. Mwenye bega aubebe, mwenye safari aende nao, na mwenye maji karibu anipe, koo limekauka.